Madirisha hayo si ya ghala la pamba

Mwandishi wa tangazo la mauzo anasema nyumba hii inayouzwa ghorofani, ndani ya ghala la zamani la pamba upande wa reli hapa Mwanza, bado ina madirisha yake makubwa ya tangu mwanzo. Sikubali. Ujanani nilibeba marobota, na maghala yote niliyofanyia kazi yalikuwa na milango mipana ya kupakilia na matundu madogo juu karibu na paa, basi. Pamba inashika moto upesi, na mvua ikiipiga imeharibika. Nani angeiwekea madirisha makubwa? Hayo yametobolewa baadaye, na kwenye maghala ya namna ile ukuta wa matofali ndio unaobeba paa. Bila lenta ya maana, yaani boriti ya kubeba ukuta, juu ya kila dirisha, nyufa zitaanzia kwenye kona. Nataka sana majengo haya yabaki, maana tangu reli ifike hapa mwaka 1928 pamba ya Usukuma imepita humo. Lakini mnunuzi adai ripoti ya mhandisi kabla ya kutoa hata shilingi, na hati yake mwenyewe, kwani sheria ya 2008 inaruhusu umiliki wa sehemu ya jengo. Kuna aliyeingia ndani akaziona hizo lenta?