Kutoka sufuria ya Kadutu hadi sindano: protini za mimea zinaweza nini?

Kuna sauti ya WhatsApp inayozunguka hapa Bukavu. Kila mtu ana shangazi aliyemtumia. Inasema wazungu wenyewe wamekubali kwamba ndani ya karela, ule mmea mchungu wa kutambaa, mna protini inayoua virusi vya sida, yaani ukimwi, na seli za saratani, na kwamba hospitali zinaficha habari hiyo ili ziendelee kuuza dawa za bei. Wanaoipinga hujibu kwa mkato: uongo wa waganga. Tatizo ni kwamba nusu ya kwanza ya sauti hiyo ni kweli.

Mwaka 1990 watafiti wa New York walitangaza protini waliyoitenga kutoka kwa karela, Momordica charantia, wakaipa jina MAP30. Katika vyombo vya maabara ilizuia virusi vya sida kuzaana, na baadaye ikajaribiwa pia juu ya seli za saratani na kuzidhuru. Ni ya ukoo mkubwa wa protini ambazo mimea mingi inazo, na kazi yao ni kuharibu ribosomu, yaani pale ambapo seli hutengenezea protini zake. Ribosomu zikiharibika, seli hufa.

Ndugu yake maarufu zaidi ni risini ya mbegu za mbarika, mmea unaoota wenyewe kandokando ya njia zetu. Molekuli moja ya risini inaweza kuzima ribosomu zaidi ya 1,000 kwa dakika. Inaaminika ndiyo iliyomuua mwandishi Mbulgaria Georgi Markov jijini London mwaka 1978, kwa kijirisasi kidogo kilichopenyezwa mguuni mwake. Wanasayansi waliitazama sumu hiyo wakawaza: tuifunge kwenye kingamwili, yaani protini ya kinga ya mwili, inayoitambua seli ya saratani, iipelekee kifo hukohuko. Wazo zuri. Miongo ya majaribio ikaonyesha kuwa mishipa ya damu ya wagonjwa huvuja maji, na mwili, ukiishaijua risini kuwa mgeni, hutengeneza kingamwili za kuizuia, kiasi kwamba dozi zinazofuata hupungua nguvu.

China nako kuna trikosanthini, protini ya mzizi wa Trichosanthes kirilowii, iliyotumika kwa muda mrefu kutoa mimba. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wagonjwa wa sida Marekani walikuwa hawana karibu chochote cha kushika, ilionekana inaua seli zenye virusi. Wengine walidungwa nje ya utaratibu rasmi. Baadhi yao walichanganyikiwa akili, wengine wakaingia katika usingizi wa kutoamka kirahisi. Kwa hiyo anayesema "ni mmea tu, hauna madhara" ajue kwamba protini hizi ziliwavutia watafiti kwa sababu hiyohiyo ya kuwa sumu.

Sasa twende sokoni Kadutu, upande wa wauza dawa za kienyeji. Mama mmoja alinieleza upishi wake bila kuficha: majani yaoshwe, yachemke mpaka maji yawe kama chai ya rangi, yapoe, yachujwe kwa kitambaa, yamiminwe katika bidoni ya lita tano. Kikombe asubuhi, kikombe magaribi.

Kwa kwinini, dawa ya malaria inayotokana na magome ya mti wa kinkina, upishi huo hauna kasoro kubwa. Kwinini ni molekuli ndogo, ngumu, inayostahimili moto na tumbo. Vinkristini, inayotokana na Catharanthus roseus, ua la rangi ya waridi linalopandwa kwenye bustani nyingi za nchi za joto, nayo si protini, ingawa ni dawa ya saratani ya damu ya watoto tangu miaka ya 1960. Watetezi wa dawa za kienyeji hupenda kutaja mimea hii miwili, na wana haki ya kujivunia. Ila haithibitishi lolote kuhusu karela. Protini ni uzi mrefu uliokunjwa kwa namna yake, na kazi yake imo katika mkunjo huo. Ukiichemsha, mkunjo unavunjika. Yai likishachemka halirudi kuwa bichi. Kitakachookoka motoni kitakutana na asidi ya tumbo na vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kuzikatakata protini, za maharage au za karela, bila ubaguzi. Ndiyo maana mgonjwa wa sukari hudungwa insulini badala ya kuimeza. Nayo ni protini.

Hapo ndipo ningeishia kama nisingejua habari ya kalata-kalata.

Katika miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, alifanya kazi Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, kule Kasai, pamoja na Msalaba Mwekundu. Aliona akina mama wakinywa chai ya mmea huo, Oldenlandia affinis, ili uchungu wa kuzaa uende haraka. Alipotafuta kilichomo, akapata protini ndogo sana, yenye asidi amino (vipande vinavyounda protini) 29 tu, ambayo ilikuwa imechemshwa, imemezwa, na bado inafanya kazi. Umbo lake lilieleweka vizuri mwaka 1995: uzi wake hauna mwanzo wala mwisho, umeungana ukawa pete, na ndani umekazwa kwa vifungo vitatu vilivyopitana kama fundo. Moto haupati pa kuanzia kuukunjua. Leo ukoo mzima wa protini za namna hiyo, saiklotidi, unachunguzwa Australia, Austria na Sweden. Mmea mwingine, wa kutoka Tanzania, Chassalia parvifolia, ulitoa mwaka 1994 saiklotidi zilizowakinga seli za maabara dhidi ya virusi vya sida, na nyingine zinaua seli za saratani. Kasoro yao ni kwamba hutoboa ngozi ya seli, na hazichagui vizuri: seli nyekundu za damu nazo hupasuka.

Basi mwenye kusema "kila kilichochemshwa kimekufa" amekosea, na aliyemkosoa ni mama mjamzito wa Kasai. Lakini mwenye kusema "mimea yote iko hivyo" amekosea zaidi. MAP30 haina pete hiyo.

Hata protini ikiwa salama na imara, mara nyingi lazima ibadilishwe kwanza. Ndizi, chakula chetu cha kila siku Kivu, ina lektini, protini inayoshika sukari zilizo juu ya virusi na kuvizuia kuingia ndani ya seli. Kwa bahati mbaya huchochea pia kinga ya mwili kupita kiasi. Mwaka 2015 timu ya Chuo Kikuu cha Michigan na wenzao walionyesha kwamba ukibadilisha asidi amino moja tu, ya 84, uchochezi unapungua sana na uwezo dhidi ya virusi unabaki. Hiyo si ndizi tena, na hakuna mkungu utakaokupa.

Wanaodharau habari zote hizi nao wana la kujibu. Hapa jirani, Kivu Kaskazini, tumeona kwa macho yetu kwamba protini inaweza kushinda virusi. Tangu Novemba 2018, katika mlipuko wa Ebola uliofika hadi Goma, wagonjwa 681 waligawanywa katika dawa nne. Tatu zilikuwa kingamwili, yaani protini, na mojawapo, ZMapp, ilikuzwa ndani ya majani ya jamii ya tumbaku. Karibu nusu ya waliopewa ZMapp walifariki. Kwa kingamwili nyingine, mAb114, iliyotokana na damu ya manusura wa mlipuko wa Ebola wa Kikwit wa 1995, ilikuwa takriban 35 kwa mia. ZMapp ikawekwa kando. Hilo halihukumu kukuza dawa ndani ya mimea; linaonyesha jinsi dawa nzuri inavyotenganishwa na dawa inayosifiwa. Hakuna sauti ya WhatsApp ingeweza kutuambia.

Maoni yangu: utafiti huu unastahili pesa, hata pesa yetu, lakini tusidanganyane kuwa tutarudia njia ya Pharmakina. Kiwanda hicho kiligeuza magome ya kinkina kuwa kwinini hapahapa Bukavu kwa sababu gome likikauka hungoja. Protini nyingi hazingoji: zinataka baridi usiku na mchana, na umeme wetu sote tunaujua. Tunachoweza kuanza nacho ni kidogo zaidi. Lwiro, njia ya Kavumu, kuna kituo cha utafiti chenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Kando ya kila mmea ningetaka yaandikwe maneno ya mama wa Kadutu: sehemu gani, mbichi au kavu, umechemka muda gani, umenyweka au umepakwa. Gran alianzia katika chai kama hiyo. Na Protokali ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa, inataka wenye ujuzi huo wapate mgao wa faida, jambo ambalo akina mama wa Luluabourg hawakuwa nalo.

Kwa mgonjwa wa leo, swali ni la karibu zaidi. Karela hushusha sukari ya damu. Anayeinywa huku anajidunga insulini anaweza kuzimia. Chai ya kuharakisha uchungu inaweza kulikaza tumbo la uzazi kupita kiasi. Aliye katika matibabu ya saratani amwambie munganga wa hospitali kwamba ana bidoni nyumbani, na munganga asimfokee, maana akifokewa mara moja, safari ijayo atanyamaza na ataendelea kunywa.