Ratiba hamna, hela mnataka leo

Jamani haya makongamano ya fani yanatuumiza sisi tusio na mwajiri wa kutulipia. Ada laki tano, hapo bado nauli ya Dar mpaka Arusha, kilomita 600 na ushee, bado gesti ambayo wiki hiyo bei inapaa, halafu ukiomba ratiba unatumiwa picha ya mgeni rasmi na mada zote zimeandikwa "itatangazwa"! Sasa ntapimaje kama inanilipa? Wenye ofisi wanaenda na posho, hawaulizi. Sisi tusipoenda tunakosa pointi za kuhuisha leseni, na dili za maana (ukweli usemwe) zinapatikana pale kwenye chai, sio ukumbini. Toeni ratiba kamili kwanza bana, na wekeni bei ya siku moja.