Abiria Anakaa Wapi?

Hapa Mbeya pikipiki ina matumizi matatu yanayotambuliwa na jamii: kubeba abiria, kubeba viazi, na kumfanya kijana wa mtu aonekane ana kazi. Mwenye pikipiki isiyoingia katika fungu lolote kati ya hayo atazamwe asitazamwe, atajadiliwa. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya hapa jijini, baba wa watoto na mdaiwa wa vikoba viwili, nami ninayo pikipiki ya namna hiyo. Ni Suzuki GSX-R750 ya mwaka 1985, ya kwanza kabisa katika ukoo wake, yenye silinda nne, vali 16, kabureta nne na, tangu nilipoitengenezea mkia mpya kwa mikono yangu, kiti kimoja. Kabureta nne hakuna anayeniuliza. Kiti kimoja ninaulizwa kila siku.

Niliinunua kwa mzee mmoja wa Mbalizi, ambaye mwanawe aliiingiza nchini kupitia Tunduma miaka mingi iliyopita, akaiacha bandani na kwenda zake mjini kutafuta maisha. Kuku walikuwa wameihamia. Ganda la mbele, lile la kukinga upepo, lilikuwa vipande, mipira inayounganisha kabureta na injini ilikuwa imekauka na kupasuka, na ekzosi ilikuwa imeliwa na kutu hadi ukiweka tochi ndani unaona nje. Mzee alikubali bei yangu kwa sharti moja, kwamba niache kwanza kuku aliyekuwa akiatamia juu ya betri amalize kutotoa. Nilisubiri. Mke wangu anasema kwamba vifaranga wale ndio faida pekee iliyopata kutoka katika pikipiki ile, na tena haikuja kwetu.

Vipuri sasa. Maduka ya vipuri vya pikipiki pale Mwanjelwa yamepangana mlango kwa mlango, na yote yanauza vitu vilevile kwa ajili ya injini za ujazo wa sentimita 100 mpaka 150. Nilikwenda kutafuta tairi ya nyuma.

"Shikamoo mwalimu. Inchi ngapi?"

"Marahaba. Kumi na nane."

"Zipo, mwalimu wangu. Kaa kwenye benchi."

Akaniletea tairi ya bodaboda yenye maandishi 3.00-18, nyembamba kiasi kwamba ningeweza kuivaa begani. Nikamweleza kwa utulivu, kama ninavyoeleza darasani, kwamba inchi 18 ni kipenyo cha rimu tu, kwamba tairi yangu ni 140/70, yaani upana wake ni milimita 140, na kwamba inatakiwa iwe na herufi V, maana ilitengenezwa kwa mwendo unaozidi kilometa 210 kwa saa. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mwalimu, kutoka hapa mpaka Uyole, mwendo huo utaanzia tuta lipi?" Wateja wengine wakacheka. Swali lile halina jibu la kitaaluma, kwa hiyo nikaagiza tairi kutoka Dar es Salaam na kulipa nauli yake kwenye basi kana kwamba ni mtoto wa shule.

Kwenye oili ni hivyohivyo. Bodaboda hujazwa kopo la lita moja na mambo yakaisha. Injini yangu inachukua zaidi ya lita nne, kwa sababu wahandisi wa Suzuki, wakitafuta kupunguza uzito, waliamua kwamba haitapozwa kwa maji bali kwa oili, ambayo inarushwa chini ya pistoni na juu kwenye kichwa cha silinda, kisha inapelekwa mbele kwenye rejeta yake ndogo ili ipoe. Ni ubunifu mkubwa, na ndio uliowasaidia, pamoja na fremu ya alumini, kuunda pikipiki ya ujazo wa sentimita 749 yenye uzito usiofika kilo 180 ikiwa kavu. Nilimweleza muuza oili yote hayo. Akasema, "Kwa hiyo inakunywa kama Fuso, lakini haibebi kama Fuso."

Kwa kuwa kinachohitajika hakipo dukani, kinachobaki ni kukitengeneza, na hapo ndipo ushauri wa bure unapoanza kumwagika. Kila mtu anajua fundi. Jirani yangu mmoja alinipeleka kwa vijana wanaosubu sufuria, akiwaahidi kwamba mwalimu ana kazi ya kudumu, nao wakajitolea kunisubia mkono wa breki na daraja linaloshika uma wa mbele kwa alumini ileile waliyoyeyusha kutoka kwenye pistoni chakavu na masufuria ya jana. Niliwashukuru na kukataa. Alumini iliyosubiwa namna hiyo ina vitobo vya hewa ndani ambavyo macho hayavioni, na sufuria ikipasuka unapoteza maharage, lakini mkono wa breki ukikatika kwenye mteremko wa Mlima Nyoka unapoteza mengi zaidi. Vitu vya kushika uhai wa mtu, yaani breki, ekseli, uma na beringi zake, nilivinunua, hata vilipochelewa miezi. Vya kujitengenezea ni ganda, mkia, vikanyagio, ekzosi na vishikizo. Jirani alinuna. Nasikia alikuwa ameshaahidiwa sufuria namba saba.

Ganda nililitengeneza kwa faiba. Kwanza unahitaji umbo la kulazia faiba, na kwa umbo hilo nilitumia udongo wa wafinyanzi wa Kikisi, ule wa Ikombe, ambao wanawake wa huko huutengenezea vyungu vinavyouzwa gulioni Matema. Ni udongo mtiifu sana. Niliufinyanga uani kwa siku nyingi, nikaulainisha, nikaupaka nta, na katika muda wote huo hakuna mpita njia aliyeshindwa kuuliza chungu hicho kitapikia wangapi.

Kisha ukaja mwezi wa sita. Yeyote aliyewahi kuamka Mbeya mwezi wa sita anajua kwamba maji ya kunawa huwa na uadui binafsi na wewe. Gundi ya faiba huganda kwa mmenyuko wa kikemia, na mmenyuko huo unataka joto. Asubuhi ikiwa chini ya nyuzi 10, unachanganya dawa ya kugandisha, unapaka tabaka la kwanza, unarudi jioni na kukuta bado linanata. Shemasi wetu alinishauri niweke jiko la mkaa karibu. Mvuke wa gundi ile hushika moto, na ningependa nyumba ibaki, kwa hiyo niliishia kupanda juu ya paa la bati kila mchana wenye jua, nikilaza vipande vya ganda kimoja kimoja na kuvilinda dhidi ya kunguru. Kutoka kule juu nilikuwa nikiwaona watu barabarani wakinionyeshana kwa vidole. Mke wangu alitoa amri kwamba gundi isilale sebuleni, kwa kuwa harufu yake ilikuwa imeingia kwenye mandazi. Hilo nilikubali mara moja, maana mandazi yale hata mimi yalinishinda.

Ekzosi ilihitaji mabomba ya chuma kisichoshika kutu, na mabomba ya namna hiyo hapa jijini hununuliwa na watu wanaojenga ghorofa, kwa ajili ya kushikilia pembeni mwa ngazi. Anayejua kuyachomelea vizuri ni fundi wa mageti. Ni fundi hodari, mkono wake hautetemeki, na aliziunganisha njia nne kuwa moja kwa unadhifu ambao sikuutegemea. Lakini fundi wa mageti ni fundi wa mageti. Alipomaliza aliniuliza, kwa heshima zote, kama ningependa amalizie kwa mkuki au kwa ua. Nikamwambia moshi unatokea hapo. Akafikiri kidogo, akasema simba pia anawezekana, kwa sababu simba ana mdomo.

Mlio wa ekzosi ile siutetei. Nilikuwa nimeiwekea kinyamazishi cha pamba ya chuma, ila siku ya kuiwasha mara ya kwanza ilikuwa Alhamisi jioni, na nyuma ya ukuta wangu kuna kanisa ambalo Alhamisi jioni kwaya hufanya mazoezi. Sauti ya nne ilipotea kabisa. Mwalimu wa kwaya alikuja langoni akaniuliza, bila hasira, kama mashine hiyo inaweza kushushwa nusu noti.

Sasa tufike kwenye kabureta, ambako heshima yangu mtaani ilimalizikia. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 kuliko pwani. Kabureta haijui hayo. Inapima petroli kana kwamba bado iko Tanga, hivyo petroli inazidi hewa, plagi zinavaa masizi, na pikipiki inakohoa moshi mweusi kila ukifungua mafuta. Dawa yake ni kupunguza tundu la jeti, yaani kile kipande kidogo ndani ya kabureta kinachopitisha petroli. Jeti za saizi niliyoitaka sikuzipata, kwa hiyo nilichukua zile za zamani, nikaziba matundu kwa risasi ya kulehemu, na kuyatoboa upya kwa keekee nyembamba za fundi redio, zote nne ziwe sawasawa. Ni kazi ya subira, na niliifanya usiku, wakati ambapo washauri wamelala.

Lakini kabureta nne hazitoshi kuwa na jeti sawa. Lazima pia zivute kwa nguvu sawa. Kuna vipimo vya dukani vya kazi hiyo, vyenye bei ya dukani. Mwalimu wa fizikia hahitaji. Anahitaji mpira mwembamba unaoonyesha kilicho ndani, mrefu wa mita kadhaa, akaufunge kwenye ubao kwa umbo la herufi U na kuutia oili kiasi. Ncha moja unaichomeka kwenye kabureta hii, ya pili kwenye ile, na injini ikiunguruma, ile inayovuta zaidi huinua oili upande wake. Unazungusha skrubu iliyo kati yao mpaka oili isimame sawa pande zote, kisha unahamia jozi nyingine. Mpira unaofaa kuliko yote ni ule wa dripu. Nikaenda duka la dawa.

"Mgonjwa amelazwa wapi, mwalimu?" akauliza dada wa dukani.

"Yuko nyumbani, uani."

"Jamani, uani na baridi hii? Amepungukiwa maji?"

"Hapana. Silinda ya tatu inavuta kidogo kuliko ya nne."

Akanyamaza kidogo, akaweka mipira juu ya meza, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna mtu mzima mwingine.

Kwa kazi hiyo tanki lazima litolewe ili skrubu zifikike, na petroli ije kutoka kwenye chupa iliyotundikwa juu. Niliitundika kwenye mpapai. Basi hebu ione picha hiyo kama alivyoiona bibi wa nyumba ya pili aliporudi sokoni: pikipiki imevuliwa nguo zote, chupa inaning'inia juu yake na kudondosha kitu cha rangi, mipira ya dripu imeingia mbavuni, oili nyeusi inapanda na kushuka, mgonjwa anatetemeka, na mwalimu amepiga magoti pembeni akiwa na bisibisi. Bibi alitua kikapu. "Pole baba," akasema. "Imeanza lini?" Nikasema ndaga, yaani asante, bibi, inaendelea vizuri. Kufikia jioni walikuwa wamefika majirani wengine wawili kutoa pole, na mmoja alikuja na ndizi.

Nayo ilipona, ndiyo maana ninalalamika. Inawaka kwa mguso mmoja, hailegei, plagi zimekuwa za rangi ya hudhurungi kama zinavyotakiwa, ganda limepakwa buluu na nyeupe, na nikiipeleka barabara ya Chunya, kule juu ambako hewa ni nyepesi zaidi na bonde lote la Usangu linaonekana chini, hakuna kitu hapa nchini kinachonipendeza zaidi. Nikirudi mjini na kusimama kwenye taa za Mafiati, bodaboda wananizunguka, wanaikagua mbele mpaka nyuma kwa macho ya kitaalamu, wanagusa ekzosi, wanahesabu mabomba, na yule mkubwa wao, aliyevaa kizibao cha kung'aa, anauliza kwa niaba ya wote: "Mkuu, abiria anakaa wapi?" Askari wa barabarani alinisimamisha, akatazama leseni, bima, taa, akaridhika na vyote. Kisha akashusha sauti na kuuliza jambo hilohilo, akisema ni kwa faida yake binafsi.

Mwezi ujao kuna harusi ya mdogo wa mke wangu, Kyela. Nimeamua kwenda nayo, ingawa kule karibu na ziwa ni chini ya mita 500, hewa ni nzito, na jeti nilizozipunguza kwa ajili ya Mbeya zitakuwa zinainyima injini petroli na kuichemsha, kwa hiyo itanibidi nibebe mfukoni jeti nyingine, zenye tundu la pwani, na kuzibadilisha njiani, Tukuyu, mahali penye kivuli na pasipo na washauri. Nilimpigia shemeji simu kumjulisha. Alifurahi sana. Akasema vizuri, kwa kuwa ninakuja na usafiri wangu, nipitie Tukuyu nichukue mikungu minne ya ndizi za sherehe. Nikamweleza kwamba haina keria. Akasema fundi atachomelea. Nikamweleza kwamba fremu ni ya alumini, haichomelewi kwa vijiti vya kawaida, na kwamba nyuma hakuna kiti, kuna mkia wa faiba nilioulinda juu ya bati dhidi ya kunguru. Akanyamaza, nikadhani ameelewa.

"Basi shemeji usihangaike na fundi," akasema. "Tutafunga kwa mpira. Nimeshaukata."