Mjomba na Koili

Ukiwa na pikipiki isiyowaka hapa Busia, hutafuti fundi, unatafuta namna ya kuwafukuza. Mpaka huu ndio uliozaa bodaboda miaka ya 1960, vijana wa baiskeli wakivusha watu kutoka upande wa Uganda hadi wa Kenya huku wakiita "boda! boda!" Tangu hapo kila mwanamume wa mtaa wetu anaamini alizaliwa na spana mkononi.

Yangu ilikuwa Boxer kuukuu niliyoikata mkia, nikaishusha usukani na kuiwekea kiti cha mtu mmoja. Mke wangu aliizunguka, akauliza, "Na mimi nitakaa wapi?" Tukakubaliana tutaliongea hilo ikishawaka. Fremu nilimpelekea jirani anayepaka rangi majeneza. Bei yake nafuu na mkono wake mzito. Aliipiga varnishi nyeusi tabaka juu ya tabaka, mpaka mtu angeweza kujinyolea ndevu mbele yake. Nilipomuuliza kama itadumu, alisema hajapata mteja aliyerudi kulalamika.

Tukafunga injini, nyaya na tangi. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena na tena hadi soli ya kiatu ikaachia.

Wataalamu wakaanza kuingia uani. Mmoja akasema plagi, nikaweka mpya. Mwingine akasema petroli ya magendo imechanganywa na mafuta ya taa. Akafungua kabureta, akanusa bakuli lake kwa muda mrefu, akaondoka bila kusema neno. Kijana wa stendi akasema swichi ya kuzimia ndiyo inayokula moto, akaukata waya wake na kuuzungushia utepe. Huyo angalau alijua anachosema, maana kwenye CDI ya aina hii, kile kisanduku kinachotuma umeme wa cheche, swichi huzima injini kwa kuuelekeza umeme kwenye bodi ya pikipiki. Waya huo ukichubuka, pikipiki inakuwa imezimwa kabla haijawaka. Jirani akasema ni jicho. Mke wangu, kutoka jikoni, akasema ni kile kiti.

Tuliing'oa plagi, tukaivalisha kofia yake, tukailaza juu ya kichwa cha injini na kupiga kiki huku vichwa vyote vimeinama kuchungulia. Hapakuonekana cheche hata ya kuwashia sigara.

Ijumaa baada ya swala akaja mjomba kutoka Tororo, dereva mstaafu wa lori. Hapendi kuelezwa. Akakunja mikono ya kanzu, akaishika koili, ile inayokuza umeme wa CDI kabla haujafika kwenye plagi, kwa mkono wa kushoto kuona kama imekaza, akauegemeza wa kulia kwenye mapezi ya injini. "Piga!"

Nikapiga.

Mjomba aliruka, kofia ikaenda kutua ndani ya ndoo ya oili chafu, na neno lililomtoka halikuwa la mtu aliyetoka kuswali. Kisha akasimama, akanyoosha kidole: "Ina umeme hiyo!" Uani watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kwa kuwa mimi ndiye niliyecheka zaidi, akaamuru niishike na mimi. Nikaishika. Ni kweli, ina umeme.

Na hapo ndipo tatizo lilipojulikana. Koili ile haina waya wake wa kurudishia umeme. Inarudishia kwenye bolti inayoishikilia kwenye fremu, na bolti yetu ilikuwa imekalia varnishi ya jeneza. CDI inatema volti mia kadhaa, zinafika kwenye koili, zinakosa njia ya kurudi. Siku hiyo zikaipata: mkono wa kushoto wa mjomba, kifua chake, mkono wa kulia, injini. Yaani mzee mzima alikuwa waya wa ethi.

Nikachukua msasa, nikakwangua pale chini ya bolti mpaka chuma kikawa cheupe, nikakaza. Plagi ikatoa cheche ya bluu, tena ya kusikika. Nikairudisha mahali pake, nikapiga kiki.

Sasa, kiki zote za awali zilikuwa zikisukuma petroli mbichi kwenye ekzosi. Ililipuka kwa mlio mmoja ambao hapa mpakani hakuna anayebaki kuuliza umetoka wapi. Duka la ng'ambo likafunga mlango. Kijana aliyekuwa akipita na madumu akaiacha baiskeli ikaendelea yenyewe. Mjomba alikuwa kifudifudi.

Lakini ikawaka! Ikanguruma, safi kabisa, mpaka mjomba akainua uso na kupiga kelele, "Haya, izime!"

Nikabonyeza swichi. Ikaendelea. Kijana wa stendi akautazama ule waya wake na utepe, akaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea getini. Nikafunga bomba la tangi, ila kabureta ilikuwa bado imejaa. Mtu mmoja akasema njia ya haraka ni kuing'oa kofia ya plagi kwa mkono. Uani wote wakamgeukia mjomba.

Akaingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya kanzu. "Mimi," akasema, "mchango wangu nimeshatoa."