Kabla hujauliza bei ya kiwanja Fort Portal

Simu zinazonijia siku hizi zinafanana. Mtu ananisalimu, anauliza hali ya watoto, anazunguka kidogo kwenye habari za mvua, halafu anatua: "Hivi, kaka, huko Fort Portal kiwanja cha futi hamsini kwa mia kinakwenda kwa kiasi gani?" Hapo najua. Nyumbani kwake Kampala kuna mtoto anayekohoa usiku.

Sisi tulihama Kampala kuja Fort Portal, magharibi mwa Uganda, Januari 2022, wiki ile shule zilipofunguliwa baada ya kufungwa karibu miaka miwili. Binti yetu alikuwa anaanza darasa la kwanza, tukaona kama ni kuanza, basi aanzie huko. Tulikuwa tunakaa Kyebando, chini kabisa bondeni, upande wa Northern Bypass, mahali ambapo unakwenda soko la Kalerwe kwa miguu. Anayeijua Kampala hahitaji kuelezwa zaidi. Ni mji wa vilima: wenye nacho wako juu, sisi tuko mabondeni, na moshi nao unapenda mabonde. Alfajiri na jioni hewa ya baridi inatuama kule chini kama maji kwenye beseni, na kila kilichochomwa siku hiyo kinabaki humo.

Kazi yangu ilikuwa kuuza spea za magari kwenye soko la Kisekka. Naisema mapema kwa sababu itakuwa unafiki nilalamikie moshi wa magari kana kwamba tulikutana barabarani. Huo moshi umenilisha. Nimeona mafundi waking'oa kile kisanduku cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, kwa kuwa ndani yake kuna madini ya thamani, kinauzwa pembeni na gari linarudi barabarani na bomba tupu. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Sawa, lakini yaliyokuwa yamekwisha kuingia bado tunayo, na ndiyo yaliyokuwa yakiniletea wateja. Hata dizeli yenyewe iliboreshwa, nchi zetu za Afrika Mashariki zilihamia ile yenye salfa kidogo mwaka 2015. Ila mafuta safi kwenye injini chakavu ni maji ya chupa kwenye kikombe kichafu.

Mtoto alianza kukohoa akiwa na miaka miwili. Kuna zahanati moja, sitaitaja, iliyotupa sirapu ya kikohozi na antibiotiki mpaka chupa zikajaa kwenye dirisha la jikoni. Neno "pumu" lilichelewa sana kutamkwa. Wakati mwingine nahisi waliogopa kutuudhi, maana kwetu pumu inasemwa kwa sauti ya chini, kama aibu ya ukoo.

Kilichotutia wazo la kuhama ni ile karantini ya 2020. Mwisho wa Machi magari ya abiria yalizuiwa, siku chache baadaye na ya binafsi. Kisekka kimya, mimi nimekaa nyumbani sina hata shilingi, na mtoto akawa analala. Aprili yote alilala. Mei yote alilala. Usiku mke wangu alikuwa akiamka kumsikiliza, kwa mazoea tu, halafu anarudi kitandani na kuniambia, "Baba watoto, hakohoi." Nikiwa mkweli, miezi hiyo ni ya masika, na mvua huosha hewa. Tena watoto walikuwa hawachangamani, kwa hiyo hata mafua hayakuwa na pa kupitia. Lakini mzazi aliyelala usingizi wa kwanza kwa miaka miwili hafanyi hesabu za namna hiyo. Tuliamua pale pale kwamba adui ni Kampala.

Baadaye nikapata na ushahidi mkononi. Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi unaoitwa AirQo, ulioanza 2015, wa vipimo vidogo vya hewa vinavyofungwa kwenye nguzo na mapaa, vingine walivifunga hata kwenye bodaboda. Wanapima chembechembe zinazoitwa PM2.5, ndogo kiasi kwamba unywele mmoja una unene wa kama ishirini na tano zake zikipangwa bega kwa bega, ndiyo maana zinapita puani na kooni bila kuzuiliwa na kwenda kukaa ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo hadi 5. Kampala iko juu ya hapo mara kadhaa. Nikawa naamka na simu, naangalia kwenye programu yao rangi ya uchafu wa hewa kabla sijaswaki. Mke wangu aliichukia ile programu kuliko moshi wenyewe.

Basi tukapakia. Kilomita 300 hivi kupitia Mubende, mtoto amelala juu ya mafurushi, na tulipoanza kuona mashamba ya chai nilifungua dirisha kama mtu aliyeshinda kesi. Fort Portal ni mji mzuri, sitasema vingine. Asubuhi isiyo na mawingu Ruwenzori inaonekana yote. Watooro, wenyeji wa huku, walitupokea vizuri. Mwezi haujaisha jirani alikuwa amekwisha kunipa empaako, lile jina la heshima na mapenzi, nami nikawa Araali. Mauzo ya spea yalishuka hadi chini ya nusu, lakini nilisema hiyo ndiyo nauli ya pumzi.

Wiki ya tatu mtoto alibanwa. Vibaya kuliko alivyowahi kubanwa Kyebando. Saa nane za usiku, kifua kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani kila akivuta, na mimi nimesimama na tochi ya simu nikiwaza kwamba nimeuza kila kitu kwa ajili ya upuuzi.

Nesi aliyetupokea alfajiri ile ndiye mtu wa kwanza, katika miaka yote ile, kutuuliza swali hili: "Mnapikia nini, na mnapikia wapi?"

Tukatazamana. Tulikuwa tunapikia kuni za mkaratusi kwenye banda lililoegemea ukuta wa chumba cha mtoto. Na kwa kuwa Fort Portal iko juu kuliko Kampala na usiku baridi inauma, jioni tulikuwa tunaingiza sigiri, jiko la makaa, ndani ili apate joto. Ile sigiri tuliitoa Kyebando. Tuliifunga kwa kamba juu ya mafurushi, ikasafiri nasi kilomita zote hizo. Na mkono wa kuiwasha ulikuwa ule ule: kipande cha kavera (mfuko wa plastiki) chini, makaa juu, kiberiti. Wapiga kampeni wa hewa safi wanaweza kuniambia mengi kuhusu malori, lakini plastiki ile iliyoyeyuka niliiwasha mimi, miaka yote, hatua tatu kutoka kwenye pua ya mwanangu.

Nesi hakutugombeza. Alituambia sigiri ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kuua watu wote usingizini, pumu au si pumu. Akatueleza kwamba ile inhela tuliyokuwa nayo ni ya kufungua kifua kikishabana, na kwamba mtoto kama huyu anahitaji pia ile ya kila siku ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, hata siku ambazo hajambo. Halafu akachukua chupa ya plastiki ya nusu lita, akatoboa tundu kwenye kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, akamwonyesha binti yangu kupumua kupitia shingo ya chupa, polepole, mara kadhaa. Gharama yake ni bei ya soda. Chupa hiyo imebadilishwa mara nyingi tangu siku ile.

Tulihamisha jiko kabla ya kuhamisha kitu kingine chochote. Gesi kwa chai na mboga, sufuria ya umeme ya presha kwa maharage, kwa sababu maharage ndiyo yanayokula makaa. Watu wengi hawajui kwamba bei ya umeme wa nyumbani imepangwa kwa ngazi, na uniti ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi ni nafuu kuliko zile za 16 hadi 80, makusudi ili watu wapikie. Ni mpango mzuri kwa mtu kama mimi. Mpangaji wa muzigo, yaani chumba kimoja, anayenunua Yaka (umeme wa kulipia kabla) ya shilingi elfu mbili mbili hafiki uniti ya 81 hata siku moja, kwa hiyo punguzo la kupikia linampita yule yule anayepikia makaa. Aliyeipanga hesabu hiyo sidhani kama amewahi kukaa chumba kimoja na sigiri.

Kwa hiyo mtu akiniuliza bei ya kiwanja, namuuliza kwanza anapikia nini, na dirisha la mtoto linatazama wapi. Wengine hukasirika, wanadhani namficha fursa. Mashambani kuna moshi. Kuna kuni kila nyumba, tanuri za matofali, majani ya migomba yanayochomwa jioni, na kiangazi watu wanatia moto vichaka. Viwanda vya chai vyenyewe hukaushia majani kwa moto wa kuni.

Ningehama tena? Ndiyo. Mtoto anakimbia, na barabara ya mbele ya nyumba yetu haina malori. Ila nasikia vibaya watu wanaponipongeza kama vile nimepata dawa. Kyebando haiwezi kuhamia Fort Portal. Agosti 2024 jalala la Kiteezi, zinakomwagwa taka za Kampala, lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya thelathini, kila mtu alizungumzia udongo na mvua, na ilikuwa haki. Mimi niliwaza pia pa kupeleka taka za kesho yake, maana taka zikikosa pa kwenda huchomwa nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba ya mtu mmoja huko bondeni ni mbele ya nyumba ya mwingine.

Shemeji yangu bado yuko kule kule, na ana mtoto wa miaka mitatu anayekohoa. Anauza makaa. Mwaka jana nilimtumia sufuria ya umeme kama ya kwetu, akanishukuru sana kwenye simu. Tulipomtembelea Desemba niliikuta juu ya kabati, bado iko kwenye boksi lake, na chini yake magunia mawili yamesimama yakingoja wateja wa jioni.