Saratani ya mapafu ikifika pembe za ubongo: kupima kwanza au kutibu kwanza?

Mapafu ndiyo chanzo kikuu cha saratani inayosambaa kwenye ubongo. Seli huchukuliwa na damu, na takriban asilimia 80 ya uvimbe wa namna hiyo huota kwenye ubongo mkubwa. Ubishi huanza uvimbe unapoonekana kwenye tezi ya pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo inayoongoza homoni), tezi ya pineali (tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo) au shina la ubongo (sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo). Je, kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kichukuliwe na kupimwa kabla ya tiba?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Katika utafiti wa Patchell na wenzake wa 1990, wagonjwa 54 wenye saratani walidhaniwa kuwa na uvimbe mmoja uliosambaa kichwani. Kinyama kilipopimwa, 6 hawakuwa nao. Picha za MRI za leo ni bora zaidi, lakini kwenye pituitari hoja hiyo bado ina uzito, maana uvimbe usio saratani ni wa kawaida mno hapo, hata kwa wasio na dalili yoyote. Kumwambia mtu kwamba ugonjwa umefika hatua ya nne, yaani umesambaa mbali, kwa kukisia tu ni kumwonea.

Upande wa pili nao unajali uhai. Sindano ya kuchukua kinyama kwenye shina la ubongo, ambako milimita chache hutawala kupumua na kumeza, yaweza kumwacha mgonjwa na ulemavu. Mionzi ya kulenga humalizika kwa vikao vichache. Wagonjwa ambao saratani yao ina mabadiliko ya EGFR (jeni inayochochea seli kukua) wana vidonge kama osimertinibu vinavyopenya hadi ubongoni.

Mimi naona kosa kubwa ni kuanza na mabishano hayo kabla ya kumsikiliza mgonjwa. Anayeshikwa na kiu isiyoisha na kukojoa sana, ilhali sukari yake ni sawa, huenda saratani imeingia sehemu ya nyuma ya pituitari. Uvimbe wa kawaida wa tezi hiyo huleta dalili hizo kwa nadra. Upungufu wa kotisoli (homoni ya mwili ya kukabili mfadhaiko) unaweza kuzificha, zikajitokeza baada ya kuanza dawa za steroidi. Kwa hiyo homoni zipimwe mapema: upungufu huo huua, na kuutibu hakungoji jibu la maabara ya vinyama.

Kwenye pineali, uvimbe ukiziba njia ya maji ya ubongo, daktari mpasuaji ataingia na kamera kuyafungulia, basi achukue kinyama safari hiyohiyo. Kwenye shina la ubongo, picha ikiwa haina utata, ningechagua mionzi bila sindano.