Chama cha SGP cha Uholanzi na Uhuru Wanaoudai

Chama cha Kikalvini cha Uholanzi, yaani cha Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya John Calvin, Staatkundig Gereformeerde Partij (SGP), kilianzishwa mwaka 1918, na tangu 1922 hakijakosa kiti bungeni, ingawa hakijawahi kuzidi viti 3 katika bunge ambalo sasa lina wabunge 150. Kinapinga utoaji mimba, ndoa za jinsia moja, biashara siku ya Jumapili, na sheria inayomruhusu daktari kukatisha uhai wa mgonjwa anayeomba kufa.

Wanaokitetea husifu uthabiti wake, na kwa haki: wapiga kura wake wanajua wanachokipigia kura. Uchache wake haujakinyima uzito pia, kwani mwaka 1925 hoja ya mwasisi wake, Gerrit Hendrik Kersten, ya kufuta fedha za ubalozi wa nchi hiyo Vatikani iliiangusha serikali.

Mgogoro mkubwa ulihusu wanawake, ambao chama kiliwazuia kugombea kwa kushika mafundisho ya Biblia kama kinavyoyaelewa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uholanzi iliamua kwamba serikali haiwezi kuvumilia zuio hilo. Mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ililikataa ombi la chama, nacho kikaliondoa zuio mwaka uliofuata. Mwaka 2014 Lilian Janse alichaguliwa diwani wa Vlissingen. Watetezi wa chama walihoji kwa nini dola iwapangie waumini wagombea wao, hasa kwa kuwa kesi ilifunguliwa na mashirika ya nje. Hoja hiyo ni nzito, lakini chama cha siasa ni mlango wa kuingilia bungeni, na haki ya kuchaguliwa haiwezi kuachwa mikononi mwa baraza la wazee wa kanisa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ibara ya 36 ya Ungamo la Imani la Ubelgiji la mwaka 1561, tamko la imani la Wakalvini, ambayo SGP inaishika bila kupunguza neno, ikiwemo sehemu inayoitaka dola ikomeshe ibada za uongo, maneno ambayo kanisa jingine la Kikalvini nchini humo liliyaondoa mwaka 1905. Katiba ya Uholanzi inawalinda Wakatoliki, Waislamu na wasioamini kwa ulinzi uleule unaoiwezesha SGP kukaa bungeni, na chama kinachoishi kwa ulinzi huo kinawiwa kueleza waziwazi kingeufanya nini endapo kingepata viti 76, yaani wingi wa bunge.